Mukono ya Tano

Siku ya ine, Alhamisi, tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu, mwaka wa 2024, saa ine na nusu ya asubui, bibi yangu wa ndoa, Honorine, alikufwa pa pikipiki, katikati ya mugongo ya Dady, kijana mwenye kuendesha, na kifua yangu. Hospitali ilikuwa mbele yetu, tulikuwa tunaona bati yake ya bluu. Lakini polisi balishafunga barabara kwa kamba, juu mukubwa moya wa kutoka Kinshasa alikuwa anapita, na bakubwa ba commune na batoto ba masomo balisimama pembeni na bendera. Nililomba. Dady alipiga honi mpaka mukono ilimuuma. Polisi akasema: «Tata, ngojea kidogo. Mukubwa anapita.»

Mukubwa alipita. Wakati kamba ilishuka, kichwa ya Honorine ilikuwa pa bega yangu, na ilikuwa nzito kupita kichwa ya mutu mwenye kulala.

Tangu siku ile mi sisalimie mukubwa hata moya. Akipita ninaangalia chuma yangu. Mi kazi yangu ni kunoa byuma bya batoto benye kuchimba kobalti. Chuma haifunge mutu barabara.

Tulimuzika ku malalo ya kartie yetu, mutaa wetu, kule ku kilima, mustari ya tatu, chini ya muti ya musuku. Benye balichimba kaburi ni barafiki ba Dady, bachimbaji. Kufika metre moya na nusu udongo ikabadilika. Ikatoka kijani, kijani sawa shingo ya njiwa. Batoto bakaangaliana. Pa Kolwezi hata mutoto wa maziwa anajua kijani ile: ni shaba, na pembeni ya shaba kobalti. Katekista alikuwa anaomba, na mi niliona kijana moya anaweka kipande mu mufuko. Mwaka haikuisha, kampani ikatuma batu ba kofia nyeupe, bakapima kilima na mashini ya miguu tatu. Kisha bakasema bafu betu bahame, bapelekwe ngambo ya barabara kubwa, pale udongo haina na kitu. Kaburi ya bibi yangu njo ilitoa siri ya kilima yote.

Kampani ililomba conseil ya commune, ile baraza ya mji, ikubali kwanza. Jina ya commune siandiki. Mwenye anaijua anaijua. Conseil ile iko na biti kenda. Batu bane balitaka bafu bahame, batu bane balikataa. Kiti ya kenda ilikuwa wazi.

Ilikuwa kiti ya Edouard, mwenye tulichagula siye batu ba kartie. Edouard aliacha kiti juu alipata kazi mupya, kazi ya kuongea na batu. Kazi ile alipewa na nani? Na kampani. Sasa sikia vile mji wetu unajaza kiti ya wazi. Siku ya kujiandikisha, kila mutu mwenye anataka kuchaguliwa anaandika nyuma ya jina yake majina mbili. Yeye akitoka, jina ya kwanza inaikala pa kiti. Ya kwanza ikikosa, ya pili. Kwa Edouard, jina ya pili ilikuwa Mechack, mutoto yake wa kuzaa. Ya kwanza ilikuwa Honorine.

Juu ya nini Honorine? Juu ya pompe ya maji. Yeye njo alikuwa anapanga ndoo kila asubui. Pa pompe yetu ndoo inashika nafasi ya mwenyewe: ukienda kunyonyesha, ukienda kuzika, ndoo yako inabakia mu mustari na hakuna mwenye anapita mbele yake. Bibi ya polisi alijaribu mara moya. Honorine alichukua ndoo yake polepole, akairudisha nyuma, akamuuliza kama batoto balilala muzuri. Edouard aliona mambo ile, akajua jina ya mwanamuke sawa ule inaleta kura.

Nilimuambia Honorine: «Anakutaka sawa kifuniko. Chungu ni yake na mutoto yake.»

Akacheka. «Tata Mbuyu, kifuniko njo inajua mbele ya bote kitu gani inaiva.»

Alikufwa mbele chungu haijaiva.

Mwaka moya nyuma ya kifo, jamaa yake ilitoka Musumba. Balipanda lori mpaka Kasaji, pale bakachukua treni. Kwa Balunda ba Musumba, mutu akifwa jina yake haitupwe. Banachagula mutu wa jamaa, banamuikalisha pa mukeka, banamupaka pemba, ule udongo mweupe, mu mikono, banamuvika bangili ya mufu. Kutoka pale, yeye njo ule mwenye alikufwa. Tunaita kupyana. Haina mambo ya kitanda, musifikiri mubaya. Mambo yangu ya ujane balishamaliza na kuku mweupe, ninaweza kuoa mwenye ninataka. Ni mambo ya jina na kazi ya jina. Bakubwa ba zamani kule Musumba banahadisia vita ya baba ya babu yao, na banasema: mi nilivuka muto, mi nilipigwa mushale. Hakuna mwenye anacheka.

Balichagula Naomie, mutoto wa kaka ya Honorine, miaka makumi mbili na ine, muuzaji wa mihogo pa gare ya treni ya Kasaji. Mi niko Muluba wa kaskazini, kupyana ninaijua. Lakini siku ile nilifunga mulango ya nyumba yangu na nikabakia ndani. Balitandika mukeka mu kiwanja yangu, na mi nikaangalia kwa tundu ya dirisha. Nikaona Angèle, mudogo wa bibi yangu, muzee wa imvi, anapiga magoti mbele ya kale kasichana. Akasema: «Yaya,» ni kusema dada mukubwa.

Nikalalamika kwa dirisha: «Munapanda mutu sawa muhogo?»

Angèle hakugeuka. «Ndiyo, shemeji. Munakata muti, munauweka mu udongo, munakula mwaka yote. Ulishasikia mutu analia juu ya muti ya muhogo?»

Batu bakacheka mu kiwanja yangu mwenyewe. Nikafunga na dirisha.

Naomie alibakia mu kartie. Alianza kupanga ndoo. Kila mutu akamuita Mama Honorine, hata Dady. Mi peke yangu nilikuwa napita na kusema: «Naomie, jambo.» Akanijibu: «Jambo, tata Mbuyu,» bila kukasirika. Ile kutokasirika yake njo ilinikasirisha.

Barua ilikuya mu mwezi wa kumi na moya, mwaka wa 2025, mvua ilishaanza. Tshilombo, sekretere ya conseil, aliileta kwa mikono yake. Ni mutu wa viatu bya kupakwa, mwoga, lakini haina mubaya. Juu ya bahasha ilikuwa: *Bibi Honorine Kamin, anaitwa kuikala pa kiti ya wazi.*

«Unanicheka?» nikamuuliza.

«Apana, tata. Mi nilikuya pa kilio, nilikula bukari yenu. Ninajua alikufwa. Lakini mu liste yeye angali muzima. Kwa kufunga jina inalomba karatasi ya kifo, na karatasi ile haukuleta.»

Ilikuwa kweli. Nilienda pa ofisi siku moya tu, nyuma ya maziko. Karani alishaanza kuandika: *kifo ya kawaida*. Nikamuambia aandike: *kamba*. Akakataa. Nikachukua kofia yangu, nikatoka. Basi kwa bakubwa bibi yangu hakukufwa. Ni mi mwenyewe nilimuacha muzima, kwa hasira yangu.

«Ukileta karatasi mbele ya siku ya ine,» Tshilombo akasema, «Mechack ataikala. Usipoleta, sijue.»

Mechack hakungojea. Kesho yake alikuya pa kazi yangu, na karatasi ya kifo ilishaandikwa yote, inakosa kidole yangu tu.

«Tata, weka kidole hapa. Kaburi ya mama Honorine itakuwa ya kwanza kuhamishwa. Na karo, tata, bigae bya kungaa! Karo nyeupe, sawa salon.»

«Yeye alikuambia anataka karo?»

«Tata, kulala ni kulala.»

«Basi lala wewe kule.»

Akacheka, akaacha karatasi juu ya chuma yangu. Sikuweka kidole. Lakini sikuitupa pia. Juu nilielewa muzuri mutego yote. Nikiweka kidole, Mechack anaikala, kura inakuwa tano kwa ine, kilima inafungulwa, na mashini inamutosha bibi yangu mu kaburi na meno yake ya chuma. Nisipoweka, mutu moya tu anaweza kujibu jina ile mu salle ya mukutano, kale kasichana ka mihogo. Na mi nitakuwa nimekubali yeye njo Honorine.

Jioni Angèle akapita, akaona bahasha. Hakuuliza ruhusa. «Barua iko na mwenyewe, shemeji,» akasema, akaichukua.

Siku ya ine salle ya commune ilijaa mpaka madirishani. Bamama ba pompe balikuya na ndoo zao. Polisi akabakataza kuingia nazo, bakazipanga inje, ndoo moya nyuma ya ingine, bila maji, kutoka mulango mpaka barabara. Magari ya kampani ilifika, ikazunguka. Haikupita mbele ya ndoo. Sijue nani alibafundisha.

Mechack alishaikala pa benchi ya mbele, karibu na kiti ya wazi, na koti ya mupya. Kiti yenyewe ni ya plastiki, ya bluu, sawa ile ya pa kilio. Niliiangalia, nikashangaa: kitu ya bure vile, na macho yote iko pale.

Tshilombo alisimama na kitabu yake. «Kwa kiti ya kenda,» akasema. «Honorine Kamin.»

Mechack akasimama, akafunga kifungo ya koti.

«Niko,» mutu akasema kutoka nyuma.

Batu bakafungula njia. Naomie alikuwa anakuya, polepole, na kitambaa ya kila siku, mikono yake ilipakwa pemba mpaka kiwiko. Sauti haikuwa ya Honorine. Njo ile ilinishangaza: hakuiga. Mwizi wa jina angeiga. Yeye alijibu sawa mutu mwenye muganga anamuita pa dispensaire na anasimama juu ni zamu yake.

«Eh, eh, eh!» Mechack akapiga mikono. «Ule ni Naomie wa mihogo ya Kasaji! Mi nilikula mihogo yake! Prezida, tunafanya conseil ao tunafanya sinema?»

Batu bakacheka. Prezida wa conseil, tata Kalombo, mwenye alikuwa mu bale bane ba kampani, akapiga meza. «Mama, karte yako ya kura iko na jina gani?»

«Naomie, tata prezida.»

«Basi?»

«Nilizaliwa Naomie. Niliikalishwa Honorine. Sikuiba, balinipa.»

«Sheria haijue mukeka,» Mechack akasema.

Mama moya akapiga kelele kwa dirisha: «Na wewe sheria inakujua juu ya nini? Juu ya tumbo ya mama yako! Ndoo iko mu mustari, nani atapita mbele yake?» Na inje bamama bote bakajibu pamoja: «Hakuna!» Ukuta ikatetemeka, ninaapa.

Kalombo akapiga meza tena. «Mama, kama uko Honorine, sema kitu gani unatafuta hapa.»

Naomie akaweka mikono yake myeupe juu ya meza. Na akasema. Ninaandika maneno yake vile niliyasikia, sikuongeza.

«Siku ya ine, tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu, nilikufwa pa pikipiki. Hospitali nilikuwa naiona. Mulifunga barabara na kamba. Wewe, tata Kalombo, ulisimama ku mukono ya kuume, chini ya nguzo ya umeme, na bendera mudogo mu mukono, na ulituangalia, kisha ukaangalia gari. Sikukukasirikia. Balinizika ku kilima, mustari ya tatu. Udongo yangu ilitoka kijani. Sasa munataka kunitosha pale ninalala. Nilikuya kuuliza kitu moya. Mbele ya kunitosha, nani alinilomba?»

Mi nilishika mugongo ya benchi. Mambo ya kamba, Dady alimuambia, ninajua. Mustari ya tatu, kila mutu anaijua. Lakini Dady siku ile alikuwa anaangalia polisi. Mi njo nilikuwa naangalia bakubwa. Mi njo nilimuona Kalombo chini ya nguzo na kale kabendera. Na jambo ile, tangu siku ile, sikuambia mutu hata moya. Niliitunza mu kifua sawa mutu mwenye kutunza kisu.

Kalombo akatosha miwani yake, akaiweka juu ya meza. Bila miwani alionekana muzee tu, muzee wa kawaida mwenye macho ya maji. Nikamuangalia, mara ya kwanza tangu siku ile.

Naye akaniona. «Tata Mbuyu,» akasema, «wewe njo bwana yake. Karatasi ya kifo haukuleta. Tuambie. Huyu ni nani?»

Bichwa byote bikageuka. Karatasi ya Mechack ilikuwa mu mufuko yangu, ninasikia pembe yake inanichoma. Kusema Naomie haingekuwa uongo. Na kusema Honorine, ninyi benye hamujazika bibi hamuwezi kujua bei yake. Ule mwenye kichwa yake ilikuwa pa bega yangu, nilimushika mwaka moya na miezi munane; chuki yangu kwa bakubwa ilikuwa kitanda yake. Nikimupa jina kasichana, ninabakia na nini?

Angèle aliniangalia kutoka ukutani. Hakunilomba kitu.

Nikapita katikati ya batu. Nikafika pa kiti ya bluu, nikaipangusa na mukono ya shati, vile nilikuwa napangusa kiti yake pa nyumba wakati anatoka ku pompe na nguo ya maji. Nikaivuta.

«Mama Honorine,» nikasema. «Ulisimama sana. Ikala.»

Akaikala. Kelele ile ya bamama inje, sijawahi kusikia ingine sawa ile, hata siku ya uhuru yenye banahadisia haikuwa vile. Haikuwa kelele ya furaha. Ilikuwa sawa udongo inashuka mu shimo na inasimama yenyewe, na kila mutu mwenye alikuwa chini anatoka muzima.

«Prezida!» Mechack akalia. «Sheria!»

«Tupige kura kwanza,» Kalombo akasema polepole, bila miwani. «Sheria itatukuta mu njia. Benye banakubali bafu bahame?»

Mikono ine. Ya Kalombo pia ilikuwa mule, lakini ilifika pa sikio tu. Mechack naye akanyanyua yake kutoka benchi, batu bakamuzomea: «Shusha! Uko mutazamaji! Shusha, mutoto wa baba!»

«Benye banakataa?»

Mikono ine. Kisha ikanyanyuka ya tano. Nyeupe ya pemba, bangili ya Honorine ikateleza mpaka kiwiko, na mukono ikabakia juu, imara. Mi nilizaliwa mu inchi hii, niliona milima inahamishwa na mashini, niliona muto inageuzwa. Sikuona kitu kikubwa kupita mukono ile.

Tshilombo alikuwa anaandika PV, ile karatasi ya kusainiwa yenye inapelekwa kwa bakubwa ba juu. Akaandika majina ine ya kukubali. Akaandika majina ine ya kukataa. Kisha kalamu ikasimama.

«Prezida,» akasema, «naomba musamaha. Nikiandika Naomie, mu liste hakuna Naomie, kura inakufwa. Nikiandika Honorine, kampani itasema alikufwa, na kule juu batauliza tangu siku gani bafu banapiga kura. Na bila jina PV haisainiwe.»

«Na bila PV?» mutu akauliza.

«Bila PV, kampani haiguse kilima.»

Kalombo akavaa miwani, akaitosha tena. Akaangalia Naomie, akaniangalia mi. Akafunga kikao.

Sasa ni miezi mingi. Mashini ya kampani iko chini ya kilima, majani inapanda mu magurudumu, na batoto banacheza mule. Mechack angali na koti yake. Karatasi ya kifo iko mu nyumba yangu, bila kidole. Pa pompe, nikipita, ninasalimia: «Jambo, Mama Honorine,» na ulimi yangu haikatike. Na kila siku ya ine conseil inaikala, na mbele ya mambo ingine yote Tshilombo anafungula kitabu pa ile ukurasa, anaonyesha nafasi ya wazi na kalamu yake, anaangalia batu bote mu macho, Kalombo, Mechack, bamama ku dirisha, na mi mwenyewe nyuma kabisa, na anauliza:

«Mukono ya tano, iko ya nani?»